Nyapara na Sheria ya Kazi: Kinga ya Kwanza ya Afya ya Mfanyakazi Mkoani Katavi

Mji wa Mpanda ulizaliwa na kazi. Madini ya risasi ndiyo yaliyoifanya serikali ya kikoloni ijenge reli kutoka Kaliua, kituo kilichopo kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda, na makazi yakakua kandokando ya mgodi na stesheni. Uchimbaji huo mkubwa ulikoma mwaka 1960, lakini reli ilibaki na kazi zikabadilika sura. Leo Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, hulisha watu wake kwa mpunga wa Mpimbwe, mahindi, tumbaku ya Mishamo na Katumba, dhahabu ya wachimbaji wadogo, mashine za kukoboa nafaka, ujenzi wa barabara na majengo, na huduma za mjini.

Katika kazi zote hizo yupo mtu mmoja ambaye mfanyakazi humwona kila asubuhi kabla ya kumwona mtu mwingine yeyote mwenye mamlaka. Shambani na kwenye duara la dhahabu huitwa nyapara, kwenye ujenzi huitwa msimamizi, na hospitalini ni kiongozi wa wodi au mganga mfawidhi. Neno nyapara lenyewe ni kongwe. Linatokana na wanyampara, viongozi wa wapagazi katika misafara ya karne ya 19 iliyokatiza nchi hizi kwenda Ziwa Tanganyika. Mnyampara ndiye aliyegawa mizigo, akaamua nani apumzike na nani aendelee. Mizigo imebadilika, lakini uamuzi huo bado uko mikononi mwa mtu wa daraja hilo hilo, na ndiyo sababu mafunzo ya sheria ya kazi kwa wasimamizi ni suala la afya ya jamii kama yalivyo suala la haki.

Sheria iliyopo na mahali inapokwama

Tanzania haina upungufu wa sheria za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 imeweka viwango vya ajira, na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka huo huo ikaunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha CMA. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ndiyo iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwaka 2007 zilitangazwa pia Kanuni za Utendaji Bora, ambazo zinaeleza hatua kwa hatua namna ya kushughulikia nidhamu, ugonjwa na usitishaji wa ajira.

Sheria hizi zinamtaja mwajiri. Lakini mwajiri wa Mpanda aghalabu hayupo eneo la kazi. Mwenye shamba anaishi mjini, mwenye leseni ya uchimbaji yuko mkoa mwingine, na mkandarasi ana miradi mitatu kwa wakati mmoja. Anayeamua kama kibarua anayetetemeka kwa homa atarudi nyumbani ni nyapara, na huyo mara nyingi alipewa cheo kwa sababu ni hodari wa kazi au mwaminifu kwa tajiri. Hakuna aliyempa maelezo ya sheria hata kwa nusu siku. Kwa muda mrefu sheria zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza; ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipopitisha marekebisho yanayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi.

Historia inaonyesha gharama ya pengo hilo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowaonya viongozi dhidi ya majivuno na unyanyasaji, wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliuchukua kwa uzito, wakagoma na hata kuwafungia nje mameneja waliowatuhumu kwa lugha chafu na dharau. Chanzo cha migomo hiyo kilikuwa zaidi ya mshahara, kwani ilihusu pia namna mkubwa wa kazi anavyosema na mdogo wake. Onyo lilikuwapo, lakini waliotakiwa kulitii hawakuandaliwa kuongoza kwa njia nyingine.

Maamuzi ya kila siku yenye uzito wa kitabibu

Mafunzo yanayofaa hayaanzi na kifungu cha kwanza cha sheria. Yanaanza na maamuzi ambayo msimamizi huyafanya kwa kawaida, kisha yanaonyesha sheria inasema nini na mwili wa binadamu unadai nini. Mara nyingi majibu hayo mawili yanalingana.

Uamuzi wa kwanza ni wa saa. Kiwango cha juu cha kawaida ni siku 6 na saa 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Msimu wa tumbaku au wa kuvuna mpunga hufanya viwango hivi vionekane kama anasa, lakini uchovu hupunguza umakini wa jicho na mkono, na mkono uliochoka kando ya mkanda wa mashine ya kukoboa ni jeraha linalosubiri saa yake.

Uamuzi wa pili ni wa ugonjwa. Kwa mfanyakazi anayestahili likizo yenye malipo, sheria inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kwa jumla haki hiyo huanza baada ya miezi 6 ya utumishi, lakini walioajiriwa kwa msimu hawakuachwa nje, na anayerudi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka anaweza kujumlisha vipindi vyake. Cheti cha tiba kinahitajika, ila mwajiri haruhusiwi kukikataa bila sababu ya msingi kwa kisingizio kwamba mtoa huduma si daktari wa hospitali kubwa. Katika vijiji ambavyo zahanati ndiyo huduma pekee iliyo karibu, kipengele hiki ndicho kinachoipa karatasi ya tabibu uzito wake.

Uamuzi wa tatu ni wa mama. Likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mjamzito au mama anayenyonyesha hapaswi kupewa kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na anayenyonyesha anastahili hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Kwa nyapara wa eneo la dhahabu, maana yake ni kwamba mama mjamzito hakai penye moshi wa zebaki inapochomwa, kwa sababu mvuke huo hupita kwenye mapafu ukaingia katika damu, hudhuru ubongo na figo, na humfikia mtoto tumboni. Kwa nyapara wa tumbaku, maana yake ni kumwondoa kwenye kuchuma majani mabichi yenye umande. Nikotini iliyoyeyuka katika maji hayo hupenya ngozi na kumletea mchumaji kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuumwa kichwa. Wengi huidhania hali hiyo kuwa malaria, wakanunua dawa isiyowahusu.

Uamuzi wa nne ni wa mtoto. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi. Aliye chini ya miaka 18 haajiriwi mgodini, kiwandani wala mahali pengine pa hatari, hata kama ameletwa na mzazi wake mwenyewe na hata kama anajua kazi kuliko watu wazima.

Uamuzi wa tano ni wa siri. Ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, ujauzito au maambukizi ya Virusi vya UKIMWI umepigwa marufuku. Msimamizi anapopokea cheti cha mapumziko, anachohitaji kujua ni muda wa kupumzika na aina ya kazi ambayo mfanyakazi ataiweza akirudi; jina la ugonjwa halimhusu. Mfanyakazi akijua kuwa siri yake itafika kambini kabla yake, ataacha kwenda kliniki, na dawa zitakatika.

Nani ni mfanyakazi?

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba wengi wa Katavi ni vibarua tu au wagawana mawe, hivyo sheria haiwahusu. Sheria ya Taasisi za Kazi inaijibu. Mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitike vinginevyo, iwapo walau sharti moja kati ya yaliyotajwa limetimia: kwa mfano, namna au saa za kazi yake zinaamuliwa na mwingine, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au anapewa zana za kufanyia kazi. Nyapara anayepanga zamu, anayetoa sururu na anayeandika majina asubuhi tayari ameonyesha dalili kadhaa za ajira.

Ukosefu wa karatasi haumwokoi mwajiri. Anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha penye mgogoro, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Vivyo hivyo katika kusitisha ajira: ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Kanuni za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kutosha kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Pale sababu inapokuwa ugonjwa au jeraha, mwajiri anapaswa kwanza kupima chanzo chake, ukubwa wake, kama ni la muda au la kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa. Amri ya "kesho usije" inayotolewa kwa hasira jioni huvunja karibu yote haya kwa maneno mawili, na anayeachishwa ana siku 30 za kufikisha madai yake CMA.

Kwa vituo vya afya vya umma kuna jambo la ziada. Watumishi wake wako pia chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, ambayo tangu mwaka 2016 inawataka wamalize kwanza njia za ndani za rufaa kabla ya kukimbilia vyombo vya kazi. Mganga mfawidhi asiyejua hili humwelekeza mtumishi wake mahali pasipo, na muda wa rufaa hupita.

Mafunzo yenye kuzaa matunda

Mnamo mwaka 1700 tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia aliwaasa madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: anafanya kazi gani. Swali hilo linafaa zahanati za Katavi leo. Mgonjwa wa kikohozi kisichokoma anayetoka kwenye karasha la mawe huenda ana kifua kikuu, huenda mapafu yake yameharibiwa na vumbi la silika, na huenda ana vyote viwili, kwani vumbi hilo huongeza hatari ya kifua kikuu. Tabibu akiliandika jibu kwenye kadi, na msimamizi akijua wajibu wake wa kutoa taarifa, mgonjwa ana njia ya kufikia fidia. Mmoja wao akinyamaza, madai hukwama.

Kwa hiyo mafunzo yanayowaweka wasimamizi na watoa huduma za afya katika chumba kimoja yana faida ambayo hotuba ya mwanasheria peke yake haina. Washiriki wapewe visa vifupi vinavyofanana na kazi zao: mchumaji aliyetapika shambani, kijana wa miaka 16 anayeomba kushuka duarani, muuguzi aliyefululiza zamu za usiku, fundi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Wajaze kwa mikono yao daftari la mahudhurio, fomu ya ajali na maelezo ya ajira. Wajizoeze pia kusema, kwani barua ya onyo hutanguliwa na mazungumzo, na mazungumzo mabaya huiharibu hata barua iliyoandikwa vizuri.

Matokeo yapimwe kwa daftari za kazini, baada ya miezi kadhaa. Idadi ya ajali zilizoripotiwa huenda ikapanda mwanzoni, na hiyo ni dalili njema, kwa kuwa ajali zilizokuwa zikifichwa sasa zinaandikwa. Zitazamwe pia saa za ziada, vyeti vya ugonjwa vilivyokubaliwa, na idadi ya wanaofukuzwa bila kusikilizwa. Nyapara naye akumbukwe kuwa kwa kawaida ni mwajiriwa. Akipewa lengo la magunia lisilofikika bila kuvunja sheria, cheti cha mafunzo hakitamsaidia. Mwenye mali hana budi kukaa darasani pamoja naye, walau siku ya mwisho, aweke saini kwenye ratiba ya zamu inayotekelezeka.

Wakati nao una nafasi yake. Mvua za Katavi huanza kwa kawaida mwezi Novemba, vibarua wa msimu hufika, na nyapara hapati tena nafasi ya kukaa chini hadi mavuno yaishe. Kipindi cha kuanzia Agosti hadi Oktoba ndicho kinachofaa kwa darasa hilo, daftari za msimu mpya zikiwa bado tupu.