Chanjo na Ugonjwa wa Utumbo: Neno Linapopotosha

Katika zoezi moja la tafsiri hapa Kampala, wanafunzi wetu wengi waliuita ugonjwa sugu wa utumbo "vidonda vya tumbo". Kwenye karatasi kosa hilo ni dogo, kwa mgonjwa si dogo. Vidonda vya tumbo tunavijua sote: hutibiwa kwa dawa za kupunguza asidi na za kuua bakteria. Ugonjwa tunaouzungumzia ni mwingine. Hapa kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe, ukavimba, ukachubuka na kutoa damu, kwa miaka mingi. Aina zake kuu ni mbili: ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda.

Tofauti hiyo ndiyo inayogusa chanjo. Chanjo huufundisha mwili tu. Kingamwili hutengenezwa na mwili wenyewe. Mgonjwa huyu mara nyingi hupewa dawa za kutuliza kinga, kama azathioprini au infliximabu, na mwili uliotulizwa huwa mwanafunzi mzito (sisi walimu tunawafahamu). Utafiti uliofanyika Uingereza mwaka 2021 ulionyesha kwamba baada ya dozi ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19, waliotumia infliximabu walikuwa na kingamwili chache kuliko waliotumia vedolizumabu, dawa inayofanya kazi zaidi utumboni. Dozi ya pili iliwainua wengi. Kwa hiyo "ufanisi umepungua" si sawa na "chanjo haifanyi kazi". Mfasiri akizichanganya, mgonjwa ataacha kuchanjwa.

Neno linalotutia hofu zaidi ni "dhaifu". Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwezi Aprili 2024 Uganda iliendesha kampeni ya chanjo hiyo kwa watu wa umri wa mwaka 1 hadi 60. Tukiandika "chanjo dhaifu", msomaji ataelewa kwamba haina nguvu, kumbe kwa anayetumia dawa za kutuliza kinga virusi hivyo vyaweza kumdhuru, na kwa kawaida hapewi. Tunapendekeza "chanjo yenye vijidudu hai". Zisizo na vijidudu hai, kama ya homa ya ini aina ya B, anaruhusiwa kuchanjwa, na ikiwezekana achanjwe kabla hajaanza dawa. Basi tuwafundishe wanafunzi kuliandika swali hili kwa Kiswahili chepesi: "Daktari, ninatumia dawa za kutuliza kinga. Je, chanjo hii ina vijidudu hai?"