Meza ya Ruta ya Kwenda Nayo Safari

Wasomaji wengi wa gazeti hili, na hasa wanafunzi wa zamani waliopita katika karakana yetu, wanaijua ruta. Ni mashine ya umeme ya kushikwa kwa mikono miwili, yenye kisu kinachozunguka kwa kasi sana, nayo huchimba mifuo na kulainisha kingo za mbao. Lakini ubao ukiwa mwembamba, kama miti ya fremu ya dirisha, ruta haina mahali pa kukaa. Huyumba na kuharibu kazi. Dawa yake ni kuipindua. Ruta huning'inizwa chini ya meza, kisu kikachomoza juu kupitia tundu, na sasa ubao ndio unaotembea.

Mwaka huu sisi wa Chama cha Useremala tulipewa kazi ya kutengeneza madirisha 18 ya shule ya msingi ya kigangoni. Mbao za mvule ziko huko huko, na meza kubwa ya karakana haichukuliki. Basi ikatupasa kupata meza nyepesi.

Wenzangu walitaka tununue iliyo tayari, tukaenda mjini kutazama. Nilikuwa na rula ya chuma. Nikaisimamisha kwa ukingo juu ya meza ile, kutoka pembe hata pembe, nikainama kutazama: mwanga ulipita katikati. Meza ilikuwa imebonyea kabla haijabeba ruta! Ubao ukipita juu ya bonde kama hilo, hatua ya kukalia kioo hutoka na kina kisicho sawa, na kioo hakitulii. Ndugu msomaji, ukienda kununua, usidanganywe na rangi. Tazama kwanza kama uso umenyooka. Pili, kama matundu ya meza yanalingana na matundu ya kitako cha ruta yako. Tatu, kama swichi iko mbele, mahali pa kufikiwa upesi bila kupapasa chini.

Tukaamua kuiunda wenyewe. Uso ni vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyogundishwa pamoja, sentimita 60 kwa 45. Unene huo hauwezi kubeba ruta moja kwa moja, maana kisu kingezama humo ndani kisionekane. Kwa hiyo tulikata dirisha katikati tukalaza bamba la alumini la milimita 6, na ruta imefungwa kwenye bamba hilo. Chini ya kila pembe ya bamba kuna skrubu ya kuliinua au kulishusha mpaka lilingane kabisa na plaiwudi. Kazi hii ilituchukua alasiri nzima, wala sijutii. Bamba likiinuka kiasi cha unene wa karatasi tu, ubao hugota hapo.

Kizuio cha nyuma, yaani ubao wa kuongozea kazi, ndicho kilichonishangaza. Nilidhani lazima kiwe sambamba na ukingo wa meza. Sivyo! Kisu ni cha duara, hakijui ukingo wa meza uko wapi. Kinachojalisha ni umbali kati yake na kizuio. Basi mwisho mmoja tuliufunga kwa bolti moja, na mwingine hubanwa kwa klampu. Kwa kuwa kisu kiko katikati, ukisogeza mwisho wa klampu milimita 2, penye kisu kizuio husogea milimita 1 tu. Ni rahisi kupata kipimo cha haki.

Urefu nao una mambo yake. Meza yetu ina kimo cha sentimita 35. Tuliiweka juu ya benchi, mikono ikapanda hata karibu na mabega, nguvu ikapotea. Sasa tunaiweka juu ya farasi wa mbao wa sentimita 55, tukaibana kwa klampu mbili isitembee.

Katika kufunga kisu, sukuma mkia wake mpaka mwisho, kisha uurudishe nje kama milimita 2 ndipo ukaze. Ukigota chini huenda usibanwe sawasawa. Mvule una vijiwe ndani yake vinavyoua makali, kwa hiyo tunatumia visu vyenye ncha za kabaidi. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, basi tunaziba pua na kuvaa miwani, lakini glavu hapana. Hatua ya kina cha milimita 12 tunaikata kwa safari nne. Kule kigangoni umeme ni wa jenereta, na waya wa kurefushia lazima ufunguliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ukiachwa umezungushwa hupata moto.

Nimebakiza jambo ambalo nilijifunza vibaya. Ruta ikipinduliwa, kisu kikitazamwa kutoka juu huzunguka kinyume cha saa. Upande ulio karibu nawe hutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo ubao hupelekwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukipambana na kisu. Siku ya kwanza nilikuwa na haraka, nikaupeleka kwa njia ya pili. Kisu kikaunyakua, ukaruka hata ukutani, na kidole gumba changu kikavutwa pamoja nao. Ukucha ulikwenda, kidole kilibaki, namshukuru Mungu. Hatari ni ile ile ukipitisha ubao katikati ya kisu na kizuio, hata ukitoka kulia, kwa sababu upande wa nyuma wa kisu hukimbilia kushoto. Tangu siku ile tumechora mshale mwekundu juu ya meza, na vipande vifupi tunavisukuma kwa kijiti.

Madirisha 11 yamekwisha, bado 7. Ukucha umeanza kuota.