Vumbi ya mugodi inafikia wapi? Mapafu, mafigo na uzazi wa mutumikaji

Ndugu watumikaji, bamama, na ninyi vijana wenye kuchimba mu mashimo ya Kolwezi, Likasi na Kambove, musikilize kidogo. Sisi wadelege wa sendika, kila mara tunapopita mu karieri, watu wanatuuliza juu ya mushahara, prime na mukataba. Ni haki yao. Lakini iko mali moja ambayo mutu anaileta kazini kila asubuhi, na hakuna anayeiandika mu mukataba: mwili wake. Leo tunataka kuongea juu ya sehemu tatu za mwili ule. Hatuko waganga. Tulisoma sekondari, tukasikiliza waganga, tukauliza maulizo mpaka tukaelewa.

Tuanze na pumzi. Hewa inapita mu pua na mu koo, inashuka mu bomba moja ya kifua. Kiisha bomba ile inagawanyika mbili, nne, nane, sawa matawi ya mwembe, mpaka inafika mu vifuko vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mutu mukubwa iko na vifuko milioni 300 ao kupita. Ni mule ndani hewa nzuri inaingia mu damu, na hewa iliyokwisha kutumika inatoka.

Mwili unajikinga. Nywele za pua na makamasi vinakamata vumbi kubwa. Ndiyo ile tunapenga jioni, nyekundu ao nyeusi, na mutu anasema: imekwisha kutoka. Hapana. Yenye hatari ni ile isiyoonekana. Ukate milimetri moja mara elfu, uchukue vipande 5 tu: vumbi yenye kuwa ndogo kuliko pale inapita walinzi wote na inafika mu vifuko. Na mawe yetu iko na silisi. Wenye kutoboa wanayajua: wajeoloji wa Katanga wanaita namna moja ya mawe yetu RSC, ni kusema mawe ya silisi yenye matundu.

Silisi ikifika kule, askari wa mwili wanakuja kuimeza. Badala ya kuiua, wao ndio wanakufa. Pale wanapokufa kunabakia kidonda, na kidonda kinageuka kovu. Kovu haipitishi hewa. Ugonjwa ule unaitwa silikozi. Mara mingi unaonekana kiisha miaka 10 ao zaidi, unaweza kuendelea hata kama mutu amekwisha kuacha kazi, na hakuna dawa ya kuuponyesha. Tena unafungulia kifua kikuu mulango. Mutu anakohoa, anapewa dawa za kifua kikuu, na hakuna anayemuuliza: ulikuwa unatumika wapi?

Sehemu ya pili ni mafigo. Iko mawili, nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, kila moja sawa ngumi ya mutu. Ndani ya kila figo kuko vichujio karibu milioni 1. Kwa siku moja mafigo yanachuja litri karibu 180 za maji ya damu, yanarudisha karibu yote mu mwili, na yanaacha litri moja na nusu ao mbili itoke kama mukojo. Ni kazi ya usiku na mchana, bila konje.

Kobalti mingi yenye kuingia mu damu inatoka kwa njia hii. Ndiyo sababu wataalamu wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walipotaka kujua kama watu wa Katanga wanameza metali, waliwaomba mukojo. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2009. Mwaka 2018 yalitoka ya Kasulo, kartie ya Kolwezi ambamo watu walichimba mpaka chini ya nyumba zao. Kobalti ilipatikana mingi, na zaidi kwa watoto. Watoto wale hawakushika nyundo. Walicheza tu mu vumbi.

Kadmiumu nayo haitoki mbio: inalala mu mafigo miaka makumi na inayaharibu polepole. Na mutu mwenye kutoka jasho siku muzima bila kunywa maji, mukojo wake unakuwa muzito, mawe yanaweza kujitengeneza mule ndani. Bamama wanaumia zaidi. Njia ya mukojo ya mwanamuke ni fupi, karibu santimetri 4, kwa hiyo mikrobe inapanda mbio. Mama mwenye kuosha mawe bila choo karibu anakatala kunywa, anajizuia mpaka jioni, kesho anaungua. Kwa hiyo tunaposema choo, hatuombi zawadi.

Sehemu ya tatu watu wanaionea haya, lakini tutaisema. Makende ya mwanaume iko inje ya tumbo juu mbegu inataka baridi, digri 2 ao 3 chini ya joto ya mwili. Mbegu moja inachukua karibu miezi miwili na nusu kukomaa. Joto kali na risasi vinaweza kuiharibu. Mwanamuke yeye anazaliwa na mayai yake yote. Akipata mimba, risasi yenye kuwa mu damu yake inapita kondo na inafika kwa mutoto.

Mwaka 2020, gazeti la waganga Lancet Planetary Health lilitoa kazi iliyofanywa Lubumbashi. Walilinganisha watoto waliozaliwa na kilema chenye kuonekana na watoto waliozaliwa wazima. Kwa baba mwenye kazi ya migodi, hatari ya kilema ilipita mara 5. Haiko kusema kila mutumikaji atazaa mutoto wa kilema, hapana. Wengi sana wanazaa watoto wazima. Lakini musikie vizuri: ni kazi ya baba. Mara ngapi tumeona familia inamufukuza mama, inamuita muloji, juu ya mutoto aliyezaliwa vile? Bandugu, muache kumuhukumu mama. Muulize vumbi.

Sasa, tunaomba nini? Maji mu kutoboa na mu njia za makamioni, ili vumbi isipande. Kashene ya kweli yenye kuchuja vumbi ndogo, haiko kitambaa. Nguo za kazi zifuliwe kule kazini, na mutu aoge mbele ya kurudi kwake. Choo na maji ya kunywa. Mama mwenye mimba atolewe mu vumbi bila kupunguziwa mushahara. Na uchunguzi wa munganga wakati wa kuingia, kila mwaka, na wakati wa kutoka. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha patroni kulinda afya ya mutumikaji. Tunajua kampuni ambamo radio za mapafu zinapigwa, kiisha majibu inafungwa mu kabati. Kifua ni chako: karatasi iwe mu mukono wako.

Nyumbani, usikung'ute nguo za kazi mbele ya watoto. Acha tumbako. Ukienda kwa munganga, umuambie kazi yako na miaka uliyotumika, hata kama hakukuuliza. Na ile karatasi ya uchunguzi, uiweke pamoja na mukataba. Siku ya kudai haki ya ugonjwa wa kazi, maneno ya mudomo hayatatosha.