Chapa si Nakala

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, wauza mabango huja chuoni na kutandaza bidhaa zao: alizeti za Van Gogh, mayungiyungi ya Monet, Wimbi Kubwa la Hokusai. Kwa pauni chache tu chumba kinapata uhai. Madukani na mtandaoni zipo picha nyingine za pauni mia na zaidi, na kwa Kiingereza zote huitwa printi. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa kina maneno mawili: chapa na nakala. Asiyeyatofautisha anaweza kulipa bei ya chapa akapewa nakala.

Chapa ni nini?

Tuchukue Wimbi Kubwa. Hokusai alilibuni Japani mnamo 1831, katika mfululizo wa mandhari ya Mlima Fuji. Alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga akifuata mistari, na mchoro wenyewe ukaharibika humo humo. Kisha mchapaji akapaka rangi kwenye ubao, akaweka karatasi juu yake na kuisugua kwa mkono, rangi moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo hakuna Wimbi asilia lililofichwa mahali. British Museum ya London na Metropolitan Museum ya New York kila moja ina zaidi ya karatasi moja ya Wimbi, na zote ni kazi halisi. Hata hivyo hazilingani kabisa: mbao huchakaa, na katika karatasi zilizochapwa baadaye baadhi ya mistari imekatika.

Rembrandt naye alichora juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa nta, asidi ikaila shaba pale alipokwaruza, kisha bamba likatiwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu. Katika chapa, msanii amekusudia kazi yake izaliwe kwenye ubao, bamba, jiwe au skrini. Karatasi inayotoka hapo ndiyo kazi yenyewe.

Nakala ni nini?

Nakala huanzia kwingine. Kwanza upo mchoro uliokwisha kukamilika, tuseme wa rangi za mafuta kwenye turubai, ndipo unapigwa picha. Bango la bei rahisi huchapwa kwa mashine ya ofseti, kwa wino wa rangi nne. Ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona nukta zilizopangwa kwa safu.

Nakala bora ni habari nyingine. Mchoro hupigwa picha kwa makini sana, rangi hulinganishwa na za mchoro wenyewe, kisha mashine hurusha matone madogo mno ya wino usiofifia upesi kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi. Madukani utaona neno giclée, ambalo tunaweza kuliandika jikle. Mchapaji Jack Duganne alilibuni Marekani mwaka 1991 kutoka Kifaransa. Mwaka 2013 Van Gogh Museum ya Amsterdam, pamoja na Fujifilm, ilitoa nakala zinazoonyesha hata unene wa rangi aliyopaka Van Gogh, zikauzwa kwa maelfu ya euro. Bado ni nakala, na jumba hilo halikuzificha jina.

Jikle nayo inaweza kuwa chapa. Msanii anayechora kwenye kompyuta na kuchagua mashine hiyohiyo amefanya chapa, kwa sababu nyuma yake hakuna mchoro mwingine.

Na Tingatinga zilizo ukutani kwa wazazi wetu? Si chapa wala nakala za mashine. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi hiyo Dar es Salaam, wachoraji wamerudia chui na tembo walewale, lakini kila picha hupakwa kwa brashi. Kadi yenye picha ya Tingatinga, hiyo ndiyo nakala.

Kabla ya kutoa pesa

Usidanganywe na sahihi peke yake. Salvador Dalí alitia sahihi maelfu ya karatasi tupu, na picha nyingi zenye jina lake zinabishaniwa hadi leo. Namba kama 12/50 nayo hutaja idadi tu, kwa kuwa hata nakala huwekewa namba. Muulize muuzaji maswali haya:

1. Je, kuna mchoro mwingine ambao picha hii imetolewa?
2. Imechapwa kwa njia gani, lini, na nani?
3. Karatasi na wino ni vya aina gani?
4. Ikiwa msanii yu hai, ameridhia, na analipwa?

Kutundika nakala si aibu. Nakala nzuri humfikishia mwanafunzi mchoro ambao pengine hatausafiria kamwe. Ila ilipiwe bei ya nakala, na iwekwe mbali na jua la dirishani.