CV Yenye Kujishitaki



CV ni karatasi yenye kueleza masomo na kazi za mtu. Tarehe zake zinaweza kumfunua. Profesa mmoja wa kubuni anaandika: alizaliwa 1970, akapata doctorat 1985. Basi alikuwa na miaka 15! Tena analeta diploma ya 1975 yenye muhuri wa Université de Lubumbashi. Toka 1971 mpaka 1981 chuo kile kilikuwa kampasi ya UNAZA. Muhuri ule ulitoka wapi? Na barua yake ya sifa ya 1969 inasema «République du Zaïre», jina lililoanza 1971.

Sisi wa mwaka wa mwisho tutaandika CV karibuni. Tuandike kweli tu. Uongo mmoja ukishikwa, hata diploma ya haki haisadikiwi tena.