Hodi Nyumbani kwa Watu: Utangulizi wa Utafiti wa Malezi

Taaluma ya malezi ina usumbufu wake wa pekee: kila mtu anaijua. Anayechunguza nyota haambiwi na jirani yake kwamba hata yeye kwao walikuwa nazo; mtafiti wa malezi huambiwa kila siku, na jirani mara nyingine ana hoja.

Vitabu vingi vya kozi huanzia London, kwa daktari John Bowlby na maandishi yake kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao. Mimi naona tuanzie Uganda. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alifika huko kwa kuwa mumewe alikuwa amepata kazi. Akaanza kutembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi kadhaa. Alikwenda mchana, wakati ambao akina mama walikuwa wakipokea wageni sebuleni, akaketi na mkalimani wake, akazungumza huku akimtupia mtoto jicho. Aliona mtoto akitambaa mbali, akigeuka kuhakikisha mama bado yupo, akirudi kumgusa, kisha akienda tena. Nadharia yote ya mtoto kuambatana na mlezi inaegemea mambo kama hayo, na kitabu alichokiandika juu ya familia hizo kilitoka mwaka 1967.

Baadaye, Baltimore, Marekani, watoto aliowachunguza Ainsworth hawakuonyesha tabia hiyo waziwazi wakiwa nyumbani. Walikwishazoea mama kutoka na kuingia. Ndipo akabuni chumba maalumu chenye vitu vya kuchezea, mama anayetoka na kurudi, na mgeni. Chumba hicho kikawa maarufu kuliko sebule za Waganda. Naona tulipata hasara. Hakina bibi, hakina shangazi, hakina dada wa miaka minane aliyembeba mdogo wake mgongoni. Ilikuwa mwaka 1977 ndipo Thomas Weisner, aliyefanya utafiti magharibi mwa Kenya, na mwenzake Ronald Gallimore walipoandika kwa kina kuhusu watoto wanaolea watoto, jambo ambalo mama yeyote wa kijijini angewaeleza bure.

Kule Kokwet, Kenya, kwa Wakipsigis, mtafiti Charles Super alikuta watoto wachanga wakikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Wengine wangesema ni damu. Lakini katika kutambaa hawakuwatangulia wenzao, na sababu ilionekana: kukaa na kutembea walifundishwa na mama zao kwa makusudi.

Kwa vijana, kazi ni ngumu zaidi, kwani kijana huchagua la kukwambia. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu yao, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi huinakili takwimu hiyo na kupita. Wewe soma pia namna ilivyopatikana: wasichana walihojiwa katika maeneo yao na wavulana katika mengine, ili siri zisivuje. Kisha kadiria majibu yangekuwaje kama maswali hayohayo yangeulizwa baba akiwa kiti cha pili, anasoma gazeti.