Walipuliza pamoja, maisha yakawatawanya!

Vijana wengi wa mjini wakimwona mtu jukwaani na saksafoni yake, suti imenyooka na taa zinammulika, wanadhani jamaa ameula. Sikiliza, mpenzi msomaji. Unaweza kuwa na mapafu na kipaji cha kutisha, na bado ukalala njaa.

Twende Sauzi, enzi za Makaburu. Mwaka 1959 lilizaliwa kundi la Jazz Epistles. Kwenye piano alikaa Dollar Brand, ambaye baadaye alijulikana kama Abdullah Ibrahim. Wapulizaji walikuwa watatu: Hugh Masekela na tarumbeta, Jonas Gwangwa na tromboni, Kippie Moeketsi na saksafoni. Usiwafananishe na Morogoro Jazz au Tabora Jazz, maana hizo zetu zilikuwa bendi za dansi zilizojipa jina tu. Hawa walipuliza ile yenyewe ya Marekani, ya akina Charlie Parker, wakaitia ladha ya nyumbani. Albamu yao ya mwaka 1960 ilikuwa ya kwanza ya jazz kurekodiwa na kundi la weusi nchini humo.

Machi 21 mwaka huohuo polisi wakaua watu 69 pale Sharpeville. Serikali ikatangaza hali ya hatari, mikusanyiko ikapigwa marufuku. Sasa mwanamuziki bila mkusanyiko atakula wapi? Kundi likafa.

Masekela akala kona. Tarumbeta yake ya kwanza alipewa na padri Trevor Huddleston, yuleyule aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi hapa kwetu. Kule New York alisoma muziki, Harry Belafonte na Miriam Makeba wakamshika mkono. Mwaka 1968 kibao chake "Grazing in the Grass" kikakamata namba moja Marekani. Mshiko ukaingia, na pombe na unga navyo vikaingia. Vilimtesa ile mbaya mpaka alipoviacha mwaka 1997, akiwa anakaribia miaka 60. Halafu ujue kitu kimoja: mtunzi wa kibao kile ni Philemon Hou, si Masekela. Pesa ya kupuliza na pesa ya utunzi ni mafungu mawili tofauti, na la utunzi humfuata mwenye jina kwenye karatasi.

Gwangwa naye alisoma New York, lakini tromboni yake aliipeleka kwenye harakati. Miaka ya 1980 aliongoza Amandla, kundi la sanaa la ANC lililozunguka dunia. Pia alishirikiana na George Fenton kutunga muziki wa filamu ya Cry Freedom, na mwaka 1988 wakateuliwa kuwania Oscar mbili. Hakutegemea kupuliza tu. Alitunga, akapanga muziki, akaongoza wenzake.

Kippie je? Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wao, alizaliwa mwaka 1925, na vijana walimtazama kama mwalimu. Mwaka 1961 alikwenda London na mchezo wa King Kong. Akaugua, akalazwa hospitali ya vichaa, akatibiwa kwa shoti za umeme. Alirudi nyumbani kwa Makaburu, kwenye vipande na kumbi zilizofungwa. Kazi ikawa ya kuokoteza, chupa ikawa rafiki. Alirekodi tena miaka ya 1970, lakini mwaka 1983 alifariki akiwa maskini. Baadaye ukumbi wa jazz pale Johannesburg ukapewa jina lake, Kippie's. Heshima kubwa hiyo, ila marehemu hagawiwi kiingilio.

Masekela alifariki Januari 23, 2018. Gwangwa akamfuata Januari 23, 2021, tarehe ileile. Wote wawili walizikwa kwa heshima kubwa.

Msije mkasema Kippie alizidiwa kipaji. Wenzake wenyewe walimkubali kuwa bingwa wao. Alichokosa ni mlango wa kutokea, na mtu wa kumshika mkono alipoanza kuyumba.

Kwa hiyo wewe unayefanya mazoezi ya tarumbeta huku majirani wanakulaani, endelea, maana midomo ikikaa wiki bila kazi inalegea. Lakini jifunze na kusoma noti, ili uitwe studio hata na wasiokujua. Nyimbo zako ziandikishe kwa jina lako. Na ukimwona mwenzako wa bendi anaanza kuoga kwa bia, mfuate nyumbani kwake mapema. Usingoje kumchangia sanda.